Kumsindikiza Mama Mwenye Mkonge

Jericho, Nairobi. Jumapili jioni, mwezi wa nane. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu nilipovuka mto Athi nikija huku, na kesho itakuwa mara ya kwanza nyumba hii kulala bila wewe.

Mwanangu Mumbua,

Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na kwa kuwa kwaya ile haijui kuagana kwa ufupi, nina nafasi ya kuandika. Sanduku lako liko mlangoni. Nimelifunga kamba, maana zipu yake siiamini hadi Kigali. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za kutopokea kinywaji kwa mtu usiyemjua. Hayo mama yako ameyaanza tangu Jumatano na bado hajamaliza.

Nina mambo mawili. La kwanza ni ushindi wako, kwa sababu kila ukiusimulia unausimulia kiwakili, na ushindi ukisimuliwa kiwakili hubaki mifupa mitupu. La pili ni swali uliloniuliza juzi jikoni, ukiwa umeshika sufuria: "Baba, nikilirudisha shamba la babu, utarudi nyumbani?" Nilikuambia nitakujibu kwa maandishi. Jibu liko mwisho. Usirukie huko.

Nianze na Mama Mwenye Mkonge, ambaye umeishi naye nyumba moja tangu utotoni. Nilimchonga mara ya kwanza wiki tuliyomzika nyanya yako Lang'ata. Sikupanga. Nilikuwa na gogo la mjakaranda lililokusudiwa kuwa twiga, nikaona ndani yake miguu ya mwanamke aliyekaa chini, ameinyoosha, anapota mkonge juu ya paja. Kichwa kimegeuka kidogo upande, kama mtu aliyeitwa akiwa kazini. Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Huwezi kumwita asigeuke, na huwezi kumwita akaacha kupota.

Wenzangu walimpenda. Unajua desturi ya karakana yetu pale nyuma ya Muthurwa: ukitaka kuchonga umbo alilolibuni mwenzako, humwombi kwa maneno. Unamnunulia chai. Akiinywa, amekupa. Akiiacha ipoe, tafuta umbo lako. Nimekunywa chai nyingi kwa ajili ya nyanya yako. Kila mchongaji pale ana mkono wake wa kumchonga, na hakuna aliyewahi kugombana na mwenzake juu ya hilo. Mashahidi wetu wote ni mtu mmoja, Mama Mutheu, aliyepika chai zote hizo kwenye jiko lake la mkaa pale langoni.

Ndipo akaja Hanneke. Yaani hakuja, sauti yake ndiyo iliyokuja. Mwanamke wa Uholanzi mwenye duka la vitu vya nyumbani aliona picha zetu kwenye simu, akanitumia ujumbe wa sauti kwa Kiingereza cha polepole, mbwa akibweka nyuma yake. Alitaja bei, akataka akina mama mia mbili wafike kabla ya Krismasi. Akaongeza, nami niliyakumbuka maneno hayo kwa sababu yalinifurahisha: "Endeleeni kuwauzia wengine pia. Dunia ni kubwa." Nikabonyeza, nikamjibu kwa sauti, tezo za wenzangu zikilia kando yangu: "Tumekubali, mama. Mia mbili. Tutawapaka rangi ya asali." Ndivyo ilivyofungwa biashara ile. Hakuna karatasi, hakuna muhuri, bahari nzima kati yetu, naye akalipa kama alivyosema, nasi tukachonga kama tulivyosema.

Siku makasha yalipoondoka, tuliyasindikiza. Wewe umekulia katika jambo hilo hata hulioni tena, lakini mgeni angeshangaa kuona wazee kwa vijana wakitembea nyuma ya lori kwa miguu hadi barabara kubwa, eti wanaaga mbao. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Mtu hupelekwa hadi pale njia inapomchukua, na ndani ya makasha yale alikuwamo mama yangu mara mia mbili.

Tuliporudi, ujumbe uliingia kutoka dukani kwa Hanneke: bofya hapa uone mzigo wako ulipo. Kevo, yule kijana wa Mukuru kwa Reuben mwenye mkono mwepesi kuliko wote, alifungua. Kwanza yakatokea maandishi madogo mengi, chini yake kitufe cha kijani kilichosema nakubali.

"Mzee, bonyeza wewe," Kevo akasema. "Wewe ndio mwenyekiti."

"Kinasema nini hapo juu?"

"Ah, hizo ni zile vitu za kawaida. Hakuna mtu husoma."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Ramani ikafunguka, na juu ya bahari ya buluu kulikuwa na nukta nyekundu. Mumbua, mimi ni mtu mzima, nimesoma vitabu vingi kuliko vinavyoenea kwenye kabati letu, lakini moyo uliruka. Tulidhani tumemwacha barabarani, kumbe tunaweza kumsindikiza hadi mwisho.

Tangu siku hiyo, asubuhi haikuanza bila ramani. "Mama amefika wapi?" "Ameingia Bahari ya Shamu." Kevo akisema, "Budaa, huyo mathe anasonga kuliko gari za Jogoo Road." Kila mmoja akataka kumsindikiza kwa simu yake mwenyewe, nami nikawatumia wote ujumbe ule. Mlinzi wa lango akabonyeza. Mafundi wa msasa wakabonyeza. Mama Mutheu akabonyeza kwa kidole chenye unga wa mandazi, akakaa mwezi mzima akimtangazia kila mteja kwamba meli yake imepita Misri.

Ni kosa gani hilo? Ni kosa la watu waliolelewa vizuri. Lakini ni kosa.

Hanneke alizeeka, akaiuza biashara yake kwa kampuni kubwa. Kampuni ile ilipopekua ilichonunua, ikakuta kidole changu. Barua pepe ya mawakili wao ikasema kwamba kwa kubonyeza kile kitufe, mwenyekiti wa kikundi aliwapa haki ya maumbo yote tuliyowahi kuwapelekea. Tusimchonge tena, tusimuuze kwa yeyote. Tukiwa na malalamiko, sheria ni ya kwao, na mwamuzi ni wa kwao pia, atakayesikiliza kwa mtandao. Siku hiyohiyo picha za Mama Mwenye Mkonge ziliondolewa kwenye soko la mtandaoni tulilokuwa tukiuzia.

Kevo alikuwa akimchonga mmoja, amemfikisha kiunoni. Alimweka chini, akamfunika kwa gunia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilitazama gunia lile nikaelewa kilichotokea: nimepigwa marufuku kumchonga mama yangu, na aliyenipiga marufuku ni kidole changu mwenyewe.

Sasa yafuatayo nayaandika kwa ajili yako, si kwa ajili ya hadithi. Shauri langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Wako mbali, nilisema, watachoka. Ulikuwa umeapishwa uwakili miezi michache tu kabla ya hapo, umekaa mezani hapa ninapoandika, unakata sukuma wiki.

"Baba, ukinyamaza wataamua bila wewe. Na huo uamuzi utafika hapa Nairobi umevaa suti na una mihuri, halafu ndio utaanza kukimbia."

"Basi tuwaambie kubonyeza si kutia sahihi. Kidole kwenye kioo ni nini? Hata mtoto hubonyeza."

Uliweka kisu chini. "Hapo umetuua, Baba."

"Nimewauaje?"

"Ule ujumbe wako wa sauti kwa Hanneke, ulikuwa nini? Si ulikuwa kidole kwenye kioo? Tukisema ya simu si mkataba, hata wa kwetu si mkataba. Tunabaki bila chochote. Mimi nataka simu ihesabiwe. Sheria yetu inaihesabu, na ya kwao pia. Swali si kama ulikubali. Swali ni ulikubali nini, na lini."

Mwanangu, nimeishi muda mrefu, nimesikiliza mahubiri mengi na wanasiasa wengi, na sidhani nimewahi kusahihishwa kwa usafi namna ile. Mimi nilitaka kulichoma daraja ili adui asivuke. Wewe uliona kwamba sisi wenyewe tuko juu yake.

Siku ya kusikilizwa uliamua tukae karakanani, si ofisini. Kompyuta tuliiweka juu ya gogo la mjakaranda. Mama Mutheu aliamriwa asikaange kitu. Mwamuzi alitokea kwenye kioo, mama mwenye mvi na miwani, na kwenye kisanduku cha pembeni wakili wa kampuni, kijana nadhifu. Mkalimani alikuwa kwenye kisanduku cha tatu. Maneno yako ya kwanza nimeyaweka moyoni: "Tumekuja kusema kwamba huna mamlaka juu yetu, na tunakushukuru kwa kutusikiliza tukilisema." Mwamuzi alitabasamu. Kumbe unaweza kumkatalia mtu mamlaka kwa adabu. Hilo sikulijua.

Wakili wa kampuni akanigeukia. "Mzee, ni wewe uliyebonyeza nakubali?"

Ulikuwa umeniambia neno moja tu asubuhi ile: ukweli. "Ni mimi."

"Ulikuwa unakubali nini?"

"Kumsindikiza mama."

Mkalimani alikwama. Ulimweleza mwamuzi habari ya kusindikiza, kwamba mgeni haachwi mlangoni, na kwamba ukurasa ule haukusema unauza kitu wala kununua kitu, ulisema uone mzigo wako ulipo. Mwamuzi akauliza kama kuna mwingine aliyebonyeza.

Karakana nzima ikainua mikono.

Hatukupanga, na najua hukupanga, kwa sababu niliuona uso wako. Wachongaji, mafundi wa msasa, mlinzi. Na nyuma kabisa, mkono wa Mama Mutheu ukiwa na mwiko.

"Na yule mama ni nani?" mwamuzi akauliza.

"Mimi ni wa chai," Mama Mutheu akasema. "Nilibonyeza mara mbili, simu yangu ilizima."

Wakili wa kampuni akasema kwa haraka kwamba basi wote wamekubali masharti. Ulingoja kidogo. Nilikufundisha mimi kungoja, ulipokuwa ukinisaidia kupiga msasa: acha vumbi litue ndipo uone ulichofanya.

"Kwa maelezo hayo," ukasema, "Mama Mutheu ameiuzia kampuni maumbo ambayo si yake. Na mlinzi wa lango, ambaye hajawahi kushika tezo, amejifunga asichonge maisha yake yote. Mheshimiwa, ama watu wote hawa wameuza maumbo, ama hakuna aliyeuza. Walichofanya wote ni kitu kimoja. Walifungua mlango wa ramani."

"Na huyo wa kampuni hajawahi kumnunulia mtu chai hapa," Mama Mutheu akaongeza kutoka nyuma, "mimi ningejua."

Mwamuzi alivua miwani. Kisha ukaomba sauti zisikilizwe. Kwanza mbwa wa Hanneke akabweka, halafu Hanneke mwenyewe, polepole: endeleeni kuwauzia wengine pia. Halafu mimi, na tezo nyuma yangu. Ajabu ni kwamba hata wakati ule kulikuwa na mtu anachonga nje, na milio ile miwili, ya zamani na ya sasa, ikapokezana.

Uamuzi ulikuja baadaye kwa barua pepe, nawe ukatusomea umesimama juu ya benchi. Mkataba ulifungwa siku sauti ilipoijibu sauti. Bei, idadi, rangi na uhuru wa kuwauzia wengine, vyote vilishasemwa. Ukurasa uliokuja mzigo ukiwa tayari njiani, wenye kusema ni wa kuonyesha ramani, hauwezi kuwanyang'anya wachongaji kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Na kwa kuwa masharti yale hayakuwa sehemu ya mkataba, na mamlaka ya mwamuzi mwenyewe yalitoka humohumo, basi hana mamlaka, anaweka kalamu chini. Ulipofika hapo ulicheka ukashindwa kuendelea, na Kevo akauliza, "Yaani amejifuta kazi?"

"Amejifuta kazi," ukamjibu.

Kampuni haikurudi tena, na picha zikarudishwa sokoni. Kevo alifunua gunia, akamkamilisha siku hiyohiyo, wengine wakiimba na kupiga magogo kwa vipini. Walikubeba mabegani kutoka karakanani hadi katikati ya soko la Muthurwa, mwuza nyanya mmoja akauliza kama ni harusi, akaambiwa ni kesi. Suti yako nyeusi ilishika vumbi la mjakaranda kwenye mishono, na mpaka leo halijatoka. Usilitoe. Siku utakapokuwa Kigali, umekaa na mfanyabiashara wa kahawa au wa mablanketi aliyebonyeza kitu asichokijua na wakubwa wa ng'ambo wanamtishia, utalihitaji.

Hilo ndilo la kwanza. Nimelisimulia kwa sherehe kwa sababu linastahili.

La pili. Baada ya ushindi ule uliniambia, "Baba, babu alibonyeza kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na shamba likaenda. Si ni kesi ileile? Tukiweza huku, tutaweza kule." Macho yako yalikuwa yanawaka. Ulishaniona nimekaa kwenye kivuli cha nyumba yangu, ng'ambo ya Athi, nikizeeka katika ardhi yetu.

Si kesi ileile, mama. Nakuita mama kama kawaida, kwa kuwa jina lako ni la mama yangu.

Nilikuwapo siku ile. Nilikuwa kijana wa kutosha kuoa. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, ng'ombe walikuwa wamekwisha, na nyanya yako alikuwa na uvimbe tumboni ambao zahanati yetu ilisema ni wa Nairobi. Jirani yetu Nzioka alikubali kununua shamba. Mwalimu wa kanisa aliyasoma makubaliano kwa Kikamba, kwa sauti, kisha akayarudia. Babu yako hakujua kusoma lakini alijua kusikiliza. Akauliza swali moja: "Na kisima?" Akaambiwa kisima kinaenda na shamba. Kisha akaomba wino, akapangusa kidole cha kushoto kwenye kaptula, kwa kuwa cha kulia kilikuwa kimepasuka kwa jembe, akabonyeza.

Alijua alichokubali, na alijua lini. Nzioka alitoa alichoahidi, na mama yangu akaletwa Nairobi, akapasuliwa, akapona. Aliishi kwetu chumba kimoja pale Makongeni miaka mingi, akipota mkonge sakafuni, akageuka kila nilipomwita. Aliishi hadi akakubeba wewe mgongoni. Shamba lile halikupotea. Ulibebwa nalo.

Hadithi ya kudhulumiwa ilianza baadaye, matangani, midomoni mwa watu waliohitaji kitu cha kusema. Nami niliiacha ikue, kwa sababu ni rahisi zaidi kuishi mbali na kwenu ukiwa umedhulumiwa kuliko ukiwa umelipwa. Aliyedhulumiwa hupewa kiti na huruma. Aliyelipwa huulizwa tu anangoja nini.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunga. Ulisimama mbele ya mwamuzi ukadai neno letu lihesabiwe ingawa halikuwa na karatasi wala muhuri, kwa sababu lilitolewa na watu wanaojua wanachosema. Basi na neno la babu yako na Nzioka lihesabiwe. Kama sauti yangu ilitosha kutushindia, kidole cha babu yako kinatosha kutushinda. Watoto wa Nzioka wamezaliwa pale, na wengine wamezikwa pale. Huko uendako utapewa kesi za watu waliodanganywa, na kesi za watu waliojuta, na wote watalia kwa sauti moja. Mimi nilikuwa wa pili, nikilia kama wa kwanza. Ulinifundisha tofauti ukiwa na kisu cha sukuma wiki mkononi.

Naisikia kwaya ikiimba huko nje, mnakaribia. Nimalize.

Kampuni ya basi imetuma linki ya kufuatilia safari yako ya kesho. Kevo na Mama Mutheu waliitaka tangu jana. Nimewaambia wangoje. Safari hii nimesoma masharti yote, kurasa kumi na moja, nikiwa na miwani na kamusi, na hakuna mahali panaposema kwamba nikikutazama ukivuka Busia nitakuwa nimekuuza. Nitabonyeza. Tutakusindikiza hadi Kigali, karakana nzima.

Ndani ya sanduku, katikati ya nguo zako, nimekufungia Mama Mwenye Mkonge. Ni yule aliyekuwa chini ya gunia. Kevo amekupa: chai nilimnunulia mimi kwa niaba yako, naye akainywa.

Na jibu lako ni hili. Shamba liliuzwa kwa haki, na nilichopewa badala yake nimekipokea chote. Nyumba yangu iko Jericho na kazi yangu iko nyuma ya Muthurwa. Sitarudi.

Baba yako